Nyongeza Aliyoingoja Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizikwa Kitale, kwenye shamba la baba yetu, na wiki hiyohiyo mashine yake moja ya gemu ilimaliza kupakua kitu alichokuwa amekiagiza asubuhi aliyopelekwa hospitali. Mashine ilikuwa Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma, katika chumba alichokodi ili vijana waje kucheza. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Yeye alikuwa wodini, kisha mochari, kisha kaburini, nayo ilikuwa kule peke yake ikivuta intaneti ya jirani kidogo kidogo, ikisimama stima ikipotea, ikianza tena stima ikirudi. Mkewe alipofungua chumba baada ya matanga, alikuta maneno kwenye skrini: nyongeza iko tayari.

Alinipigia simu. Nilikuwa natandaza mahindi kwenye turubai, jua lilikuwa limetoka kidogo.

"Shemeji, nyongeza imefika," akasema.

Nilidhani ni mzigo. Nikamuuliza umeshushwa wapi na kama kuna mtu wa kuubeba.

"Si mzigo. Ni ile ya gemu. Ile alikuwa anangoja."

Akasema anataka kuiendeleza ile gemu, akaniomba niende. Kuku walikuja wakaanza kula mahindi na sikuwafukuza.

Mimi niliishia darasa la nane. Maisha yangu ni mahindi, kuyapanda, kuyakausha, kuyaweka ghalani. Mambo ya gemu nayajua kwa sababu ya mdogo wangu tu, kwa hiyo nitayaeleza jinsi alivyonieleza. Gemu huja ikiwa nzima, ina mwanzo na mwisho wake kama kitabu. Halafu walioitengeneza wanaweza kukaa, baada ya muda wakatengeneza sura nyingine, na sura hiyo huipati kwenye duka lolote. Inashuka kupitia intaneti na kujiunga na ile uliyo nayo. Hiyo ndiyo nyongeza.

Yeye alipenda gemu za kutisha. Ndani yake wewe ni mtu wa kawaida, una tochi na risasi za kuhesabu, uko mahali pabaya, na kazi yako si kushinda bali kutoka ukiwa hai. Unajificha kabatini. Unazima tochi na kuziba pumzi. Lakini nyongeza za gemu hizo, aliniambia, mara nyingi hugeuza mambo. Wanakupa mtu mwingine, mwenye nguvu, na bunduki za kutosha, wanakurudisha palepale ulipokuwa unatetemeka.

"Kwa hadithi kubwa unatoroka," alisema. "Kwa nyongeza unarudi kuwatafuta."

Alisema hivyo macho yake yakiwa yanang'aa, mtu mzima mwenye ndevu. Nami nilimwonea wivu kidogo, kwamba kuna kitu duniani kinachoweza kumfurahisha namna ile.

Hadithi kubwa tuliianza pamoja, Krismasi iliyopita, nyumbani kwa mama. Alikuja Kitale akiwa ameifunga mashine ndani ya sweta, kwenye begi la mgongoni, akaiunganisha na televisheni ya mama. Tulifunga mapazia mchana. Gemu yenyewe ilihusu mwalimu aliyemfuata mkewe kwenye hospitali moja ya zamani juu ya kilima, nchi ya ukungu, sijui ni wapi. Wagonjwa wameondoka wote. Aliyebaki ni mmoja tu, mrefu kupita kiasi, anayetembea ameinamisha kichwa akifungua kila mlango. Tulimwita Karani, kwa sababu alikuwa kama karani wa ofisi anayetafuta faili ambalo hajui aliliweka wapi.

Sikio la kushoto la mdogo wangu halikusikia vizuri tangu alipougua utotoni. Kwa hiyo tulicheza hivi: yeye alishika kontrola, mimi nikakaa kushoto kwake, na kazi yangu ilikuwa kusikia. Mlango ukilia upande ule, nilimgusa bega. Hatua zikikaribia, nilimfinya. Nilikuja kutambua kwamba watu waliotengeneza gemu ile walikuwa wameweka sauti za namna nyingi kuliko picha. Maji yalidondoka mbali. Chuma kilikwaruzwa ghorofa ya juu. Kuna mahali mtu alikuwa analia taratibu nyuma ya ukuta, na ukikaa ukasikiliza sana unagundua si kilio, ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Nilipomwambia hivyo mdogo wangu, alisimamisha gemu akanitazama. Yeye hakuwa ameusikia kabisa.

Mama alipita akaona mwalimu amejikunyata chini ya kitanda.

"Kwani huyu hana kwao?" akauliza. "Si arudi nyumbani?"

"Anamtafuta bibi yake, mama."

"Ati bibi. Bibi gani anatafutiwa huko?" Akachukua kiti chake akaenda kukaa nje na mbuzi.

Jambo moja lazima niliseme, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinatoka hapo. Sisi wawili tulikuwa wachoyo wa risasi. Kwenye gemu ile kuna vyumba vichache vya usalama, ambavyo Karani haingii, na ndani yake kuna sanduku la kuwekea vitu. Sisi tuliweka. Tukipata risasi, sandukuni. Tukipata dawa, sandukuni. Tulipendelea kuzunguka jengo zima kwa magoti kuliko kutoa risasi moja. Mwalimu wetu alitembea akichechemea, damu ikimtoka, na dawa anazo. Aliporudi Kanduyi na kuendelea peke yake alicheza vilevile, na vijana wa pale walimcheka.

"Boss, hizo risasi unaziweka kama mbegu?" mmoja alimuuliza siku niliyokuwa nimemtembelea.

"Wewe unajua mbele kuna nini?"

"Mbele si kuna Karani tu, bana. Mpige."

"Wewe cheza mpira wako."

Na kwa kweli ndivyo tulivyolelewa. Mtu wa mahindi hali kilichopo, anaangalia msimu ujao. Mdogo wangu alikuwa na shati moja la samawati, zuri, alilonunuliwa na mkewe. Aliliweka kwa siku kubwa. Lilivaliwa mara ya kwanza ndani ya jeneza.

Siku ya kunyolewa nywele baada ya maziko, kama ilivyo desturi yetu, wazee walipokaa kuuliza marehemu ameacha nini, ng'ombe alitajwa, vyombo vikatajwa, kisha zikatajwa mashine za gemu. Ndugu wa baba, ambaye masikio yake ni mazima lakini huuliza kila kitu mara mbili, akasema, "Hiyo gemu ni mali ama ni mchezo?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga. Shemeji hakucheka. Alisema mashine nyingine wanaweza kuamua watakavyo, lakini ile ya pembeni, iliyo karibu na dirisha, isiguswe na mtu. Wazee wakakubali bila kuelewa. Mimi pia sikuelewa.

Nilielewa nilipokwenda Kanduyi, Jumapili baada ya ile simu. Shemeji alikuwa amerudi kufungua chumba, vijana walikuwa wanakuja kama kawaida, ila ile mashine ya dirishani alikuwa ameifunika kwa leso. Aliwaambia wateja kwamba imeharibika. Siku ile alikuwa amewaambia wasije mpaka jioni. Alinipa chai, tukala andazi, akaniuliza habari za mama, nikamwambia mama anakula vizuri lakini hazungumzi sana. Kisha akatoa leso, akawasha televisheni.

Mwalimu alikuwa amesimama katika chumba cha usalama, karibu na mlango wa chuma. Tochi mkononi. Hakufanya chochote. Lakini alikuwa anapumua. Mabega yalipanda na kushuka, polepole, na kila baada ya muda aligeuza shingo kidogo kama mtu aliyechoka kusubiri. Hewa ya baridi ilimtoka mdomoni. Nilisogea karibu na skrini. Sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu mdogo wangu alipocheza hatukuwahi kutulia kiasi hicho.

"Hapa ndipo aliwachia," shemeji akasema. "Alisema tumbo linauma, akaniwekea hii kontrola mapajani, akaniambia nisiguse, anarudi."

Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, aliniambia, aliwasha akamtazama. Hakumsogeza. Alimtazama tu akipumua, kisha akafunika na kufagia chumba.

 Nimekaa karibu na kaburi la mdogo wangu kule Kitale, nimepalilia nyasi zake, na pale ni udongo, hauniambii kitu. Hapa palikuwa na mtu aliyesimamishwa na vidole vya mdogo wangu, mahali hasa vidole hivyo vilipoacha, na mtu huyo alikuwa anapumua. Mtu aliyekaa nchi ya mbali akachora pumzi ile hakujua kwamba itafanya kazi hii.

Kisha akanieleza vizuri alichoniitia. Nyongeza ilikuwa imefika, lakini haifunguki mpaka hadithi kubwa iishe. Na gemu ile ina hifadhi moja tu, inayojiandika yenyewe. Ukipita mlango ule wa chuma, inahifadhi upya, na mahali mdogo wangu aliposimama panafutika, na hapana njia ya kurudi.

"Kijana mmoja aliniambia inaweza kunakiliwa, iwekwe kwa fleshi," akasema. "Nikakataa. Nikiwa na mbili nitalinda mbili."

Nilikuwa nimetoka Kitale nikiwa nimeamua kukataa. Sitaficha. Niliposikia kwenye simu kwamba anataka kuiendeleza, niliona kama anataka kutoa mtu kwenye picha ya ukutani. Nikamwambia tuiache, hata mwaka, hata miaka, nyongeza haiozi.

Alikaa akiangalia skrini.

"Shemeji, wewe unamwona leo," akasema. "Mimi namwona kila siku. Nimechoka kumwona amesimama."

Baada ya hapo sikubisha. Nikamuuliza kwa nini asicheze mwenyewe, akasema mikono haitaki. Nikachukua kontrola. Yeye akavuta kiti akakaa kushoto kwangu, bila mimi kumwambia.

Mimi si mchezaji. Nilifungua sanduku kwanza. Hapo nilishtuka. Risasi zilikuwa zimejaa mpaka mwisho wa orodha, za bastola, za bunduki ya kuwindia, chupa za dawa zimepangwa mistari, vitu nilivyokumbuka siku tulivyoviokota, na vingine alivyookota bila mimi. Mdogo wangu alikuwa ameweka akiba ya kupigana vita. Nilichukua nilichoweza kubeba. Kisha nikamsogeza mwalimu hatua moja. Shemeji alivuta pumzi, akaitoa. Nikafungua mlango.

Pembeni kule chini ya skrini, duara dogo jeupe likazunguka. Ndiyo alama ya kuhifadhi. Likazunguka, likaisha. Tulilitazama sote wawili. Ilikuwa imefanyika kwa muda wa mtu kufuta uso.

Na upande wa pili wa mlango, gemu ikatunyang'anya kila kitu. Ndivyo walivyoipanga. Sakafu ilibomoka, mwalimu akaanguka kwenye maji, akaamka bila bunduki, bila dawa, tochi imezama. Mwisho wote wa hadithi unachezwa mikono mitupu, kwa kukimbia na kufunga milango nyuma yako. Sanduku lilibaki juu kule, limejaa, na hakuna njia ya kulifikia tena. Niliacha kucheza nikamtazama shemeji.

"Ati hazikuhitajika?" akasema.

"Hata moja."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu mochari. Alisema, "Angerusha hiyo kontrola kwa ukuta. Wallahi angerusha." Yeye ni Mkristo lakini alikulia karibu na Waislamu wa mjini na huapa hivyo.

Nilikufa mara nyingi. Karani alinikamata kwenye ngazi, akanikamata jikoni. Shemeji alinisikilizia, akanifinya bega kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe mwalimu alitoka nje, kulikuwa kunapambazuka, mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi na koti la hospitali. Sitasema kama alikuwa hai, sikuwa na hakika. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Yalipanda kwa muda mrefu sana, mistari na mistari, majina ya nchi ambazo siwezi kuzitamka, watu waliochora ukungu, waliotengeneza sauti ya maji, waliompumulisha mwalimu. Sikuwahi kujua kwamba wako wengi hivyo. Watu wote wale walikaa kazini, miaka labda, na kazi yao ikafika Kitale kwenye sweta.

Kisha likaja neno la nyongeza. Nikabonyeza.

Nieleze jambo la hadithi kubwa ambalo sijalitaja. Mwanzoni kabisa, mwalimu anapoingia hospitali, anakuta kwenye chumba cha jenereta maiti ya askari wa getini, ameketi ameegemea mlango, sare imechanika. Ile tochi ambayo mwalimu anaitumia hadithi nzima anaichukua kwenye mkono wa maiti huyo. Basi. Hatukumfikiria tena. Kwetu alikuwa kama msumari uliotundikiwa tochi.

Nyongeza ilianza katika chumba kilekile cha jenereta. Taa zote zinawaka. Redio inaimba. Na yule maiti amekaa kwenye kiti anakunywa chai.

Nywele zilinisimama. Si kwa kuogopa. Hakuna kitu cha kuogopa mtu anayekunywa chai. Alipuliza kikombe. Alifunga kamba za viatu. Uso wake, ambao tuliuona Krismasi ukiwa umelegea na kijivu, ulikuwa na jasho la kawaida la mtu anayefanya kazi karibu na jenereta. Akasimama akajinyoosha mgongo, na gemu ikanikabidhi. Nilisogeza kidole, maiti akatembea.

Sihitaji mtu anieleze ukubwa wa jambo hilo, nililiona mwenyewe. Walimchukua mtu aliyekwisha kufa, ambaye kila aliyecheza alimruka, wakasema, tumrudishe nyuma kidogo, tuone alikuwa nani siku ile.

Kulikuwa na kelele ghorofani. Wagonjwa, ambao katika hadithi kubwa hawapo, walikuwa bado wapo, wanapiga mayowe wakikimbilia lori uani, na kati yao na lori kulikuwa na viumbe wengi waliogeuka kama Karani, si mmoja. Askari alifungua kabati lake. Bunduki mbili, mkanda wa risasi, na shoka la kuvunjia milango katika moto. Hakuna kabati la kujifichia mahali popote. Nililitafuta.

Nikacheza kama nilivyojua. Niliona kiumbe wa kwanza, nikamzunguka kwa magoti. Wakaja watatu. Nikarudi nyuma, nikajibana pembeni, nikangoja wapite. Hawakupita. Nilikufa. Nikarudia, nikapiga risasi moja, nikaona idadi imepungua, moyo ukaniuma, nikakimbia. Nilikufa tena. Kila nilipokufa, skrini ilionyesha nilichokuwa nacho, na kila mara mifuko ilikuwa imejaa. Nilijaribu shoka peke yake ili risasi zikae. Nilikufa na mkanda mzima kiunoni.

"Shemeji," akasema mke wa mdogo wangu, "unafanya nini?"

"Naziweka. Hatujui mbele kuna nini."

"Tunajua. Mbele atakufa." Aliongea polepole, kama anavyowaeleza vijana muda wao umeisha. "Huyu tulimkuta amekufa. Unamwekea nani?"

 Nje, bodaboda walikuwa wanabishana juu ya abiria. Niliweka kontrola mapajani. Sijui niseme ilikuwa aibu au nini. Maisha yangu yote nimeweka, na sijawahi kuulizwa swali lile.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Mara ya kwanza macho yangu yalikuwa kwenye idadi, yakiiona inashuka, kisha nikaacha kuitazama. Askari yule alikuwa na nguvu ambazo sikujua amepewa. Ukimtumia alivyotakiwa kutumiwa, gemu yote ilibadilika. Kila kiumbe aliyeanguka aliacha risasi nyingine. Ukitoa, inakupa. Ukikaa, wanakuzingira. Korido tulizotambaa mimi na mdogo wangu, ile ya vigae vya kijani, ile ya jikoni ambapo tulikaa chini ya sinki mpaka mama akatuita chakula, nilizipita katikati, wima, taa zinawaka, milango inaruka. Nilikuwa nazijua zote. Nilijua kona kwa sababu niliwahi kuogopa katika kila kona. Shemeji alisimama. Akawa ananionyesha kwa kidole, "Huyo! Huyo wa kushoto, si unaona," akasahau kwamba kazi yake ni kusikiliza. Wagonjwa walipita nyuma yangu wakielekea uani, mmoja anamsukuma mwenzake kwa kiti cha magurudumu, mmoja amembeba mtoto, anaimba. Ni ule wimbo. Nilikuwa nimeusikia ukutani, sasa nikamwona mwenye kuuimba akitoka mlangoni na kupanda lori.

Walipotoka wote, askari alifunga mlango wa chumba cha jenereta, akabaki upande wa ndani. Hapo viumbe walikuja wengi bila kikomo, na gemu haikuniambia ni wangapi, kwa sababu hapakuwa na kushinda. Unapiga mpaka bunduki inalia tupu. Unachukua ya pili, inalia tupu. Shoka linabaki mikononi, kisha halibaki. Hukosei popote. Ndivyo ilivyo. Alikaa chini, akaegemea mlango, kama tulivyomkuta. Lori lilisikika likiondoka mbali, upande wa kushoto, na shemeji akasema, "Limeenda."

Tochi yake iliendelea kuwaka mkononi. Skrini haikuzima. Tulikaa tukaitazama ile tochi muda, ukungu ukaingia, taa za jengo zikafa moja moja. Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa kwa woga, na hatua zikaja, zikasimama, zikaja. Mkono ukainama ukachukua tochi.

Ulikuwa mkono wa mwalimu. Yaani ulikuwa sisi. Ile ilikuwa Krismasi, mapazia yamefungwa, mama yuko nje na mbuzi, na mdogo wangu amebonyeza kitufe akasema, afadhali huyu ametuachia tochi.

Shemeji alikaa chini kwenye kiti. Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akapenga kamasi.

"Hapa angepiga kelele," akasema. "Majirani wangekuja."

Majina yakapanda tena. Tuliyasoma mpaka mwisho, hata tusiyoweza kuyasoma. Kisha gemu ikaturudisha mwanzo, na pale palipokuwa pameandikwa endelea, sasa paliandikwa anza upya. Hilo tu. Nilimpa kontrola, nikidhani labda atataka kuangalia. Aliishika, akaitazama skrini, na nilijua anachotafuta kwa sababu mimi pia nilikuwa nakitafuta: mtu amesimama, mabega yanapanda na kushuka. Hakuwepo. Mle mashineni hapakuwa na mahali popote alipobaki.

Nilingoja alie. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu. Niliumia, nisiseme uongo kwamba sikuumia. Lakini juu ya maumivu kulikuwa na kitu kingine, kikubwa zaidi, na sina neno lake zuri. Nilikuwa kama mtu aliyetoka nje alfajiri akaona Mlima Elgon wote bila wingu, wakati siku zote huonyesha kipande tu.

Mlango uligongwa. Walikuwa wateja wa jioni, vijana wawili wa stendi ya boda, mmoja bado amevaa kofia ya pikipiki.

"Niaje, mathe. Tumekuja mapema ama?"

"Ingieni."

Mashine nyingine mbili zilikuwa zimezimwa. Ile ya dirishani pekee ndiyo ilikuwa inawaka, na waliiangalia, kisha wakamwangalia yeye.

"Si ulisema hiyo imekufa?" mwenye kofia akauliza.

Shemeji alisimama. Niliona mkono wake umeshikilia kontrola kwa nguvu. Nilidhani atawaambia waende kwenye zile nyingine. Badala yake aliipangusa kwa kanga yake, upande huu na upande ule, akaiweka mikononi mwa yule kijana.

"Inafanya kazi," akasema. "Msiichape."

Wakaweka mpira. Uwanja wa kijani ukajaa skrini nzima, watu elfu wanashangilia, na wale wawili wakaanza kutukanana kabla hata ya mpira kuguswa. "Leo unaenda nyumbani na gunia la mabao." "Gunia gani, hata huna beki." Shemeji alikwenda kuwasha zile mashine nyingine. Mimi nilivuta kiti nikakaa nyuma ya vijana wale, nikautazama mchezo wote mpaka ukaisha, ingawa sikujua timu zilikuwa zipi.